Chai ya Saa Nne na Kengele ya Saa Sita

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Shule niliishia darasa la saba, herufi zangu zinalala upande, na mahali pengine mtaona nimekosea neno nikalifuta kwa kidole. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Hata hivyo nimeamua kuandika, kwa sababu nikianza kulisema jambo hili mbele za watu huona haya nikaliacha katikati, na nadhani yuko mtu anayelihitaji.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikifanya kazi ya kupaka rangi nyumba. Wakati ule Wazungu wengi wa mitaa ya Muthangari na Karen walikuwa wameuza nyumba zao wakaenda kwao, na kila mwenye nyumba mpya alitaka rangi mpya. Tulikuwa watu sita. Nyapara wetu alikuwa mwenyeji wa kitongoji cha Waithaka, mwenye shamba la urithi huko. Aliyeniingiza kazini ni binamu ya baba yangu, ambaye kwa desturi yetu ni Baba Mdogo. Alitoka kwetu magharibi kabla sijazaliwa, na nilikuwa nikikaa naye katika chumba chake, huko huko Waithaka.

Niliipenda kazi ile. Ukiwa juu ya ngazi huhitaji kuzungumza na mtu.

Lakini nilikuwa na vidonda vya tumbo. Siku moja kimoja kilitoboka, nikapelekwa hospitali mjini, wakanipasua na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo. Siku ya kutoka, muuguzi alinieleza namna ya kula. Nilishika maneno mawili tu: kidogo kidogo. Mengine sikuyaelewa, ila wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wananitazama, basi nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikachukua karatasi yangu nikaondoka.

Nilirudi kazini nimekonda, mshipi nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Baba Mdogo akaapa kunirudishia mwili. Yeye ndiye aliyepika chai ya saa nne, sufuria moja kwa wote: maji, maziwa, majani na sukari vikichemka pamoja, kama tunavyopika kwetu. Kikombe changu alikijaza kwanza, halafu akaongeza vijiko viwili vya sukari juu ya ile iliyomo. Alisema sukari ndiyo nguvu, na hakuna aliyembishia. Nilikunywa pamoja na mkate mweupe.

Karibu na nyumba tuliyokuwa tukiipaka Muthangari palikuwa na shule ya msingi. Kengele yao ya saa sita ikilia, nami nilianza kutetemeka. Jasho lilinitoka hata siku ya baridi, moyo ukanienda mbio, njaa ikanishika kama sijala tangu jana, kisha macho yakaingia giza. Mara ya kwanza niliteleza kutoka kipandio cha chini nikakaa kitako kwenye nyasi. Mara ya pili nilianguka kutoka kipandio cha nne na debe la rangi nyeupe likamwagikia maua ya mwenye nyumba. Mwenzetu mmoja, hodari wa mzaha, alisema nina pepo mwanafunzi, akisikia kengele anataka kwenda nyumbani kula. Walicheka sana. Baba Mdogo alinikimbilia na chai nyingine tamu, nikapata nafuu upesi, na kufika saa nane nikatetemeka tena.

Nyapara hakucheka. Aliningoja nikiosha brashi, akaniambia tukimaliza nyumba ile tunakwenda mjini kupaka jengo la ghorofa, na huko hakuna ngazi, ni jukwaa la mbao linaloning'inia.

"Siwezi kumpelekea baba yako maiti," alisema. "Ukianguka mara ya tatu, unarudi kwenu."

Siku hiyo hiyo nilinunua daftari. Kusema siwezi, lakini kuandika naweza, hata kama polepole. Niliazimia kuandika kila nilichokula na kila wakati mwili uliponiacha. Saa sikuwa nayo, kwa hiyo nilitumia kengele. Wiki nzima kurasa zilifanana: chai na mkate, kengele, kutetemeka, kushuka ngazi upesi. Nilizisoma tena na tena, na bado nikafikiri ni jua, au ni kazi, au kweli ni pepo.

Ndipo sukari ilipokosekana madukani. Baba Mdogo alizunguka Waithaka yote akarudi na mfuko mtupu, na siku mbili tulikunywa chai chungu. Wenzangu walinung'unika kana kwamba wamefiwa. Mkate nao haukuwepo, tukala githeri baridi kutoka nyumbani, mahindi na maharagwe. Kengele ikalia nikiwa kipandio cha juu kabisa, nikipaka chini ya paa. Nilishika ngazi kwa mikono miwili nikangoja. Watoto walipita njiani wakienda kula, wakaisha, barabara ikanyamaza, nami nilikuwa bado nangoja. Hakuna kilichokuja. Siku ya pili vilevile.

Niliomba ruhusa nikaenda hospitali mjini kwa miguu. Safari hii sikuitikia tu. Nilimpa daktari daftari asome, na aliposoma akaniuliza nani alinifundisha kufanya hivyo. Nilisema hakuna. Akanieleza taratibu kwamba tumbo likikatwa, chakula hakikai ndani yake. Sukari hushuka kwenye utumbo kwa mkupuo, damu ikajaa sukari hiyo, mwili ukashtuka na kuiondoa kupita kiasi, ndipo mtu anabaki hana kitu. Nile kidogo mara nyingi, maharagwe, mayai, njugu. Vitu vitamu niviache, na kinywaji nikitenge na chakula. Nikianza kutetemeka nishuke chini kwanza, nilambe sukari kidogo tu, kisha nile kitu cha kukaa tumboni. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba mara ya tatu, nikaandika.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe iliyobaki ndiyo ngumu. Sukari ilirudi madukani, na Baba Mdogo akaja nayo kazini akitabasamu. Kwetu, ukikataa kikombe kutoka chungu cha wote unasema jambo moja tu: kwamba unaushuku mkono uliopika. Najua ndugu waliokosana kwa ajili hiyo mpaka leo. Na huyu alikuwa ndiye aliyenilaza chumbani kwake.

Alifungua pakiti. Nikasimama.

"Baba Mdogo, naomba yangu uichote kabla hujatia sukari."

Mkono wake ulibaki hewani. "Kwa nini? Hii chai yangu iko na nini?"

"Huyo amekuwa mtu wa Karen," alisema yule wa mzaha. "Kesho ataitisha chai ya limau."

Ningeweza kukaa chini na kunywa. Badala yake nilitoa daftari nikasoma kwa sauti, na mimi husoma polepole kama ninavyoandika. Jumatatu, chai tamu, kengele, nimetetemeka. Jumanne, vilevile. Nilisoma siku zote mpaka zile mbili za chai chungu, halafu maneno ya daktari. Nilipomaliza, Baba Mdogo alikuwa ameepua sufuria.

"Basi ni mimi nilikuwa nakuangusha," alisema.

"Si wewe. Ni tumbo nililobaki nalo."

Alichota kikombe changu. Kabla ya kunipa alionja mwenyewe mbele ya wote, kama mpishi afanyavyo kwetu kuonyesha kwamba chungu ni safi. Alikunja uso.

"Hii ni dawa ya ng'ombe," alisema, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Githeri yangu niliila baadaye, kidogo, nikapanda. Kengele ilipolia wote walisimama wakanitazama, na nyapara alikuwa ameshika miguu ya ngazi.

"Kengele hiyo," alisema yule wa mzaha.

"Nimeisikia," nikajibu, nikaendelea na fremu ya dirisha.

Mjini nilikwenda nao. Ziko siku bado mikono hunitetemeka, na mfukoni huwa na sukari kidogo katika kipande cha gazeti, na njugu pembeni yake. Baba Mdogo hunichotea kabla, bila kuulizwa. Kinachonishinda bado ni vyungu vya watu wengine. Mwezi ujao nakwenda kwa wakwe watarajiwa, ambako chai italetwa imeshatiwa sukari, na mama mkwe ataniangalia nikinywa.

Ikiwa wewe pia umekatwa tumbo, tafadhali niandikie jinsi unavyokataa bila kumuumiza mtu. Barua mpe yule aliyekupa karatasi hizi, itanifika. Usijali mwandiko. Nitajibu, ila nitachukua siku kadhaa.