Kikombe cha Mpimaji

Kila masika yakiisha, mpimaji huja kwa bodaboda kutoka Kasulu mjini mpaka kilimani juu ya shamba la Asnath, palipofukiwa ndani ya zege taka za mionzi za hospitali. Hupiga goti, akateremsha kamba yenye timazi ndani ya bomba lililochimbiwa ardhini kando ya zege, aone kama maji ya ardhini yamepanda. Huishusha kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemvua kiatu mtoto aliyelala. Akiivuta huipapasa yote kwa kiganja, kisha kwa sauti yake ya puani husema, "Kavu." Halafu hushuka kwa Asnath kunywa kikombe cha maji ya chemchemi. Asnath huonja kwanza, kama inavyompasa mwenyeji, kisha mpimaji huyamaliza yote. Watu wa bondeni hawajui kusoma vipimo vyake. Wao hutazama kile kikombe.

Mwaka huu mvua haikujua kukoma, na zege lile lilijengwa kwa kutegemea mvua za zamani, zilizonyesha na kupumzika. Kamba ilipotoka, kiganja cha mpimaji kilifika katikati kikasimama. Alishuka akijifuta mkono kwenye suruali, akajifuta tena. Asnath akachota, akainua kikombe aonje. Mpimaji akamdaka mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, bado vina unyevu.

"Mama, ngoja kwanza nikayapime."

Asnath akamtazama usoni. "Ningoje nini, baba? Haya tumeyanywa tangu asubuhi."