Duara la Peke Yake

Mimi shule niliishia la tatu, ng'ombe wa baba walinihitaji zaidi, kwa hiyo mambo ya kompyuta nayasema kama nilivyoelezwa na binti yangu alipokuja likizo Kerende kutoka chuoni. Alikuwa anaifundisha kompyuta yake kutafuta njia bora. Unaanza na majibu mengi ya kubahatisha, akasema, unachagua mazuri, unayazalisha kama sisi na madume. Nikamkatiza, maana madume nayajua. Tulikuwa nalo moja jekundu, likapanda boma zima mpaka ndama wote wakawa na kwato mbovu, ikabidi tukaazime lingine Kenyamonta.

"Ndiyo hivyo, tata, baba yangu! Yakifanana yote yanakwama. Kwa hiyo kila kizazi nachukua moja mawili, nayabadilisha kidogo, popote tu, kwa kubahatisha."

Kaka yake alikuwa anakula ugali, vumbi la machimbo bado kichwani. Miaka ile ya dhahabu, mmoja akipata jiwe zuri, wote wanahamia hapo hapo, maduara wanayochimba yanabanana kama mashimo ya panya.

"Kama nyie," dada akamwambia. "Mmejazana kilima kimoja. Programu yangu ingemtoa mmoja ikamtupa pembeni huko."

"Nitupe mimi basi, profesa."

"Wengi wanaobadilishwa wanaharibika, mura. Anayefaa ni mmoja mmoja."

"Huyo mmoja si ndiye unayemtazama?" Akacheka, akaongeza mboga.

Kesho yake aliwaacha wenzake, akaenda kufungua duara lake ng'ambo ya korongo, mahali hakuna aliyewahi kuchimba. Walimzomea. Udongo wa kule ni laini, na magogo ya kuzuia kuta hakuweka ya kutosha. Ulimfunika mchana, na kwa kuwa alikuwa peke yake, hakuna aliyesikia.

Wale wa kilimani ndio walionisaidia kumfukua. Katika udongo tuliomtoa, mmoja akaokota jiwe, akalilamba kuona kama lina dhahabu, akalitia mfukoni. Niliona alivyolificha. Matanga hayajaisha, kilima kikabaki kitupu, wote wamehamia kule.

Binti yangu alikuwa amekaa mlangoni, chakula hakigusi. Nikamuuliza, nilitaka tu aseme kitu:

"Kwa hiyo kaka yako ndiye alikuwa yule mmoja?"

"Tata," akasema, "kwenye kompyuta anayepata ndiye anayebaki."

Akainuka akaingia ndani. Mimi nikabaki nje, nasikia nyundo zao kule ng'ambo.