Jivu na Ndimu kwenye Dola za Babu

Chumba chetu cha kupanga Sanyuanli kilinukia ubani na ndimu likizo ile ya mwishoni mwa miaka ya tisini, Mama aliponipeleka Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa mtoto wa kujipendekeza, nikitaka kusifiwa kwa kila sahani niliyoosha. Mama alikuja kununua nguo za watoto kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian, mtaji ukampungukia. Alichobakiza ni kifuko cha sarafu za zamani za dola ya Marekani, karibu zote za madini ya fedha, alizozikusanya babu alipokuwa mpishi melini. Zilikuwa nyeusi tititi. Mzee wa duka la sarafu, tuliyemwita Laoban kama tulivyomwita kila mwenye duka, alichagua moja, akabonyeza kikokotoo na kumwonyesha Mama bei. Hiyo moja ingetosha mzigo wote. Zilizobaki zingerudi Tanga, ziwe kumbukumbu ya babu. Mama akaomba siku moja ya kufikiri.

Alipotoka kuulizia nauli ya mzigo, nilizimwaga zote kwenye beseni. Kwetu kitu cha kuuzwa au cha kuwekwa mbele ya mgeni husuguliwa kwanza, iwe birika au sinia. Nilichota jivu la chetezo, nikakamua ndimu, nikasugua mpaka vidole vikaniwasha. Aliporudi, zilikuwa zinameta.

“Mashaallah, mwanangu, umezing'arisha kweli!” alisema, akanibusu. Naye hakujua.

Kesho yake Laoban aliitia ile moja chini ya lenzi, kisha akatuita tuchungulie. Uso wote wa sarafu ulijaa mikwaruzo yangu. “Mei you,” alisema, hakuna tena. Akazimimina zote kwenye mizani, zinunuliwe kwa uzito, za kuyeyushwa. Bei ya mfuko mzima ndiyo kwanza ikafikia ile aliyoitoa jana kwa sarafu moja. Mama alikisogeza kikokotoo kwa mwenyewe.

“Haya, Laoban. Chukua.”

Nililia njia nzima. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Leo nami ni mfanyabiashara wa Guangzhou, na bei za dola kama zile naziona kwenye simu, nyeusi zikiwa juu, zilizosuguliwa zikiwa chini. Majuzi, nyumbani Tanga, wanangu walimwuliza Mama dola za baba yake ziko wapi.

“Niliziuza mwenyewe,” alijibu. “Tamaa ya biashara, wajukuu zangu.”

Wakamcheka bibi yao mwenye tamaa, naye akacheka nao. Nilikuwa nimekaa palepale, namenya chungwa, nikaendelea kumenya.