Kiingereza cha Mbio na Jicho la Mama

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, mimi ambaye hata nilipoweka miwani asubuhi huwa nasahau. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne. Nyumbani Kisiba walishanifanya Mwingereza wa ukoo, nami sikuwakatalia. Basi mama yangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hapa mjini Tukuyu, na daktari mgeni kutoka Uingereza, nikatumwa mimi nimsindikize.

Asubuhi ya kuruhusiwa, nesi aliyekuwa akitafsiri akaitwa wodi nyingine. Daktari akanigeukia mimi, akaanza kueleza jinsi ya kulitunza jicho. Lo! Shuleni tulifundishwa “she will have to”, maneno manne, kila moja limesimama peke yake kama mtu anayesubiri zamu. Kinywani mwake yalitoka kwa pumzi moja: “shilafta”. Shilafta hivi, shilafta vile. “Should not” ikawa “shudn”, mkia umemezwa. Nikaduwaa kama mtu anayetazama wachuma chai: mikono huioni ikikata jani, unaona kikapu kinajaa tu.

Nami nikaitika, “Yes, doctor.” Tena, “Yes.” Unajua tulivyolelewa huku: mkubwa akisema, unainamisha kichwa na kuitika. Kumwambia mgeni wa heshima arudie ni kama kumwambia hajui kusema.

Mama, jicho limefungwa bandeji, akanitazama kwa lile lililobaki.

“Amesemaje?”

“Amesema... upumzike, mama.”

“Maneno yote yale ni kupumzika tu? Gwe, wewe mtoto, jicho ni la nani, lako au langu? Mwambie arudie!”

“Mama, huyu ni daktari...”

“Na mimi ni mama yako. Nikipofuka utanishika mkono mpaka shambani, wewe ambaye kutoka kitandani tu ni safari?”

Nikaomba, kwa sauti ya panya. Unadhani daktari alikasirika? Alivuta stuli akaketi, akasema neno moja moja, halafu akayasema tena kwa mbio zake, ili nisikie yanavyoshikana. Nikayasikia! Yote yalikuwamo, yamebanana tu, kila moja limeacha alama yake. Hadi leo nikikumbuka mwili hunisisimka. Hakuna mwalimu aliyewafundisha Waingereza kuyabana vile. Waliyanyonya kwa mama zao, kama sisi Kinyakyusa chetu.

Kumbe mama hakutakiwa kuinama wala kubeba mzigo mpaka arudi kuangaliwa. Na yeye alishapanga kesho yake ashuke shambani kubeba mkungu wa ndizi!

Tuliporudi hospitali kuangaliwa, bandeji ikaondolewa. Mama akalifumba jicho la zamani, akanikagua kwa jipya, juu mpaka chini.

“Kumbe ndilo shati ulilokuja nalo mbele za watu?”

Sijawahi kusemwa nikafurahi vile.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia Kiingereza cha wenyewe kwenye simu yako, usijione mjinga. Sikiliza maneno yanavyoshikana, uyaseme kwa sauti, hata kuku wakushangae. Na usipoelewa, omba maneno yarudiwe, hasa unapochukua neno kwa niaba ya mwingine. Kuitika usichokielewa si heshima. Ni kumwacha peke yake anayekutegemea.

Mungu akufungue masikio, akuondolee haya isiyo na faida, na kila utakayemuuliza awe na subira ya kukuambia tena.