Afande Akiwa Mgeni

Watoto wetu walipotulipia siku mbili katika ile hoteli ya zamani iliyo nje ya mji wa Nyeri, nilijua mara moja kwamba napelekwa kulainishwa. Mume wangu alikuwa amestaafu polisi miezi michache kabla, na tangu siku hiyo alikuwa akikusanya maboksi matupu. Leo anarudi na boksi la sabuni, kesho la biskuti, anayapanga nyuma ya mlango wa chumba cha wageni pale kwetu Skuta, na haniambii ni ya nini. Mimi nami siulizi. Lakini sikuwa mjinga. Kwao ni magharibi, huko mbele ya Kapsabet, ambako amejenga nyumba kidogo kidogo kwa mishahara ya miaka, na kila mtu anajua askari akimaliza kazi hurudi kwao.

Mimi ni wa hapa hapa. Duka langu la kushona yunifomu za shule liko Ruring'u, kanisa langu liko hapa, wazazi wangu wamezikwa hapa. Sikuwa na mpango wa kwenda kuanza ubibi harusi upya nikiwa na mvi. Kwa hiyo nilipakia nguo mbili, sweta, na majibu yangu yote.

Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ya mzungu wa kahawa hapo zamani. Ni nyumba ya mawe ya kuchonga, dohani tatu juu ya paa, na mimea imepanda ukutani mpaka madirishani. Kijana mwenye kizibao cheusi alitupokea mzigo, nami nikamfuata ndani, nikapewa juisi na kitambaa chenye joto cha kupangusa mikono. Nilipogeuka kumwonyesha mzee wangu hicho kitambaa, hayupo. Nikaangalia nje, hayupo. Tukamtafuta na yule kijana mpaka tukamkuta nyuma, kwenye mlango wa jikoni, amesimama wima na kikombe cha chai, anaongea na mpishi.

"Mzee, unafanya nini huku?"

"Nimezoea kuingilia huku," akasema, kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

Ndipo akanieleza. Alipokuwa konstebo mchanga, wakubwa wakija kulala katika nyumba hii, yeye na wenzake waliletwa kulinda. Walisimama kwenye nyasi, iwe mvua, iwe jua, na chai yao ilitolewa kupitia mlango huo. Miaka yake yote Nyeri, ukiacha ile aliyohamishiwa Wang'uru akawa anatuletea mchele kila akirudi, hakuwahi kupita hapo jikoni kuingia ndani.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Afande," nikamwambia, "leo mkubwa ni wewe. Twende mbele." Akaja, lakini alipangusa viatu kwenye zulia la mlangoni muda mrefu sana, hata yule kijana akaanza kuangalia miguu yake mwenyewe.

Sasa, kupumzika na mtu wa aina hiyo ni kazi. Kwenye viti vya sebuleni, vile vya ngozi ambavyo ukikaa vinakumeza, hakukubali kukaa mgongo ukielekea mlango. Alizunguka ua wote wa mimea akarudi kumwambia mlinzi wa getini kuna mahali mbuzi anaweza kupita. Jioni tulipoingia kitandani akaruka kama aliyeumwa, akasema kuna kitu kiko hai mle ndani. Kumbe ni chupa ya mpira ya maji ya moto, wametuwekea tusisikie baridi. Niliiweka miguuni pangu nikamwambia kama anaogopa anaweza kwenda kulala na mlinzi.

Mimi nilipumzika, sitadanganya. Asubuhi mlima ulijifunua wote, mweupe juu, na mtu akaniletea chai pale kwenye nyasi. Tangu niolewe mimi ndiye humimina chai. Nilikaa tu, nikaangalia mikono ya mtu mwingine ikimimina, nikafurahi mpaka nikajionea aibu. Kisha nikakasirika, kwa sababu nilikumbuka hiyo raha yote ni chambo. Kila mzee alipokohoa, nilijiweka tayari.

"Mama," aliniita, macho yake kwenye mlima.

"Naam."

Akaumega mkate, akautafuna polepole. Mimi majibu yangu yamejipanga mstari.

"Hii mkate ni tamu."

Siku nzima ikawa hivyo. Mama, haya maua yanaitwaje. Mama, hii sakafu inalia kila mahali, mwizi hawezi kuingia hapa. Mimi nangoja neno moja tu, na yeye ananitembeza kwenye maua.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, ukungu ulishuka na manyunyu yakaanza. Wakatuwashia moto sebuleni, wakatuletea chai kwenye sinia, birika kubwa na keki ndogo, wakatuacha. Wageni wengine walikuwa wamekwenda kulala. Mzee alikaa ukingoni mwa kiti, kama anayengoja kuitwa. Nikaona nikingoja huyu mtu nitarudi Skuta na majibu yangu yameoza.

"Mzee, sema basi. Hayo maboksi ni ya nini?"

"Ya kuweka vitu vyangu."

"Vyako ama vyetu?"

"Vyangu. Vyako vitakaa na wewe."

Majibu yangu yote yalikuwa ya kukataa kwenda. Sikuwa na hata moja la mtu ambaye hajaalikwa. Nilisikia baridi pale pale mbele ya moto.

"Unaniacha?" nikamwuliza.

Akanigeukia, na uso wake ulikuwa umeshangaa kabisa. "Si nyinyi ndio mnangoja niende?"

"Nani anangoja?"

"Nyinyi. Nilipostaafu ndugu zako walikuja, tukachinja mbuzi, tukakula vizuri. Hakuna mtu alisema kitu. Wewe unaona maboksi kila siku, unafagia ukiyazunguka, husemi kitu. Nikasema, sawa. Mimi niko na akili. Mtu asingoje kuambiwa."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini nikajikuta napitia kichwani mwangu vile nilivyolelewa. Nyumbani kwa baba yangu mgeni haulizwi ataondoka lini, wala haulizwi kama ataendelea kukaa. Kumwuliza ni kumfukuza. Unampa chakula, unampa blanketi, unanyamaza, na huo unyamavu ndio heshima yenyewe. Ndugu zangu walinyamaza kwa kumpenda. Mimi nilinyamaza kwa woga, lakini ningenyamaza hata bila woga, maana ndivyo tulivyo.

Kwao ni kinyume. Kwao mgeni akiinuka lazima azuiwe. Kila Desemba, asubuhi ya kuondoka, mama mkwe wangu alikuwa ananishika mkono wa sweta, anaficha mfuko wangu nyuma ya mlango, anasema, kaa, bado ni mapema. Mimi nasikia honi ya basi kichwani, namwona ananichelewesha tu. Mume wangu ndiye aliyewahi kuniambia, tukiwa safarini, kwamba mtu asipozuiwa anajua amekaa kupita kiasi. Nilimwitikia nikafungua kifurushi cha ndizi. Sikufikiri hata siku moja kwamba na mimi kuna mtu nilipaswa kumzuia.

"Na wewe unataka nini?" nikamwuliza.

Alisukuma ukuni kwa kile chuma cha motoni, akakirudisha mahali pake, kimenyooka.

"Kule wananiita mtu wa Nyeri," akasema. "Ndugu zangu wakipiga hadithi, mimi nachelewa kucheka, wenyewe wameshamaliza. Nikienda kulala nasikia baridi haiko, siwezi kulala. Na hapa Skuta, ile avokado nilipanda nyuma ya nyumba ndio inaanza kuzaa vizuri." Akapangusa mikono. "Lakini hapa mimi ni askari aliletwa na kazi. Na kazi imeisha."

Hapo hasira ilinipanda. "Ati askari aliletwa na kazi. Miaka hii yote tunalala kitanda kimoja. Umewazika wazazi wangu, umesomesha watoto hapa, umegombana na majirani wote wa Skuta juu ya maji. Na bado unangoja kukaribishwa?"

"Ndio," akasema.

Hakujitetea. Alisema hivyo tu, mikono magotini, mtu mzima aliyezeeka akilinda nyumba za watu. Hasira yangu haikupata pa kushika. Nilimhurumia, na nikajihurumia mimi pia, kwa sababu nilikuwa karibu kumpoteza kwa adabu.

Nilitaka kumwambia kwa namna yetu, yaani nimwongezee keki kwenye sahani ninyamaze, atajua. Lakini hajui. Miaka yote nimemwongezea chakula na hajawahi kujua. Kusema kitu kama hicho kwa mdomo, mchana, kwa mume wangu mwenyewe, kulinitia aibu kuliko siku ya harusi. Niliangalia mlangoni kama kuna mtu anakuja. Hakukuwa na mtu.

Basi nikasogea ukingoni mwa kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikamshika mkono wa koti. Nilimshika kwa nguvu, ngumi nzima, vile mama yake alivyokuwa akinishika mimi.

"Kaa," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka mbaya, ya kukwaruza. Nikajaribu tena. "Kaa, baba. Bado ni mapema."

Alitazama ule mkono wangu kwenye koti lake. Akageuza uso upande wa moto nisimwone, nami nikajifanya sijaona. Kisha akaegemea nyuma, mara ya kwanza tangu tufike, mpaka kile kiti cha ngozi kikammeza.

"Haya," akasema. "Basi niongezee chai."