Kibati cha Namba cha Mzee Barasa

Hili sikuambiwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana, bila homa na bila tone la pombe. Nina duka la kutengeneza simu na redio hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na anayetaka kunihoji atanikuta mezani siku yoyote isipokuwa Jumapili. Nitamjibu vilevile ninavyokueleza wewe.

Mama yangu alipoanza kuishiwa nguvu, aliniita karibu na kitanda akaniambia anataka kitu kimoja tu: pete yake ya ndoa. Ilimtoka kidoleni zamani, alipokuwa akipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba yetu ya kambini, kule kwenye mgodi wa shaba juu ya Kasese. Tuliitafuta wiki nzima tukaikosa. Baba alimwambia aache, atamnunulia nyingine. Hakuwahi.

"Sitaki nimkute baba yako na kidole kitupu," Mama akasema.

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?

Baba alitoka Kenya kuja kuchimba shaba, akamwoa Mama, Mkonzo wa Bugoye. Sisi watoto tulizaliwa kambini, na niamini, sijaishi tena mahali kama pale. Nyumba zilikuwa zimeshikana, ukuta kwa ukuta. Mama akikaanga vitunguu, jirani alijua tunakula nini. Tulizungumza Lhukonzo na mama zetu, Kiswahili na baba zetu, na sisi kwa sisi tulichanganya vyote. King'ora cha zamu kikilia, wanawake walinyamaza hadi wanaume watokee kwenye kona ya barabara, weusi kwa vumbi, wakicheka. Kila mke alihesabu kwa macho, akimwona wake ndipo anarudi jikoni. Baadaye mgodi ulinyamaza, watu wakatawanyika, sisi tukahamia Bwera. Mto wa kando ya kambi nao ukaja ukafurika, ukabeba nyumba zote za upande wetu.

Nilikuwa na ditekta, ile mashini ya kutafutia vyuma ardhini, niliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Nilishawatafutia watu majembe na funguo mashambani Nyakiyumbu, na haikuwahi kuniangusha. Basi nikapanda kwenda kambini peke yangu.

Nyumba yetu niliitambua kwa kizingiti cha saruji ambacho Baba alikichora msalaba kingali kibichi. Ukiacha kizingiti cha jirani, vingine vyote vilikuwa mawe na magugu. Nikavaa spika masikioni, nikawasha mashini, ikaanza kupiga kelele kama mbuzi aliyefungwa juani. Udongo wa pale umejaa madini, mabati yameozea humo, misumari haihesabiki. Nikafanya wanachofanya wasiojua, nami ni fundi, aibu yangu. Nilipandisha usikivu mpaka mwisho nikidhani ndiyo kufika chini zaidi. Kisha nikaiamuru isiisemee misumari, nikisahau kwamba pete nyembamba nayo hupotea pamoja na misumari. Nilichimba mashimo kumi na kitu. Nikapata visoda na vipande vya mabati.

Yapata saa kumi ukungu ukashuka kutoka mlimani. Nikataka kulia. Nilipoinua macho, mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba iliyopakana na yetu. Alivaa gambuti na koti la kazi lenye kiraka begani, kofia ngumu ameipakata. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akaniuliza kama mimi ni wa Mama Masika. Masika ni dada yangu mkubwa. Nikasema ndiyo, nikafurahi kwamba bado kuna mtu anayetukumbuka.

Aliitazama mashini, akakohoa, kisha akasema taratibu:

"Hiyo kitu yako inasikia mingi sana. Ndiyo maana haisikii."

Nikamwomba anieleze.

"Sisi ndani ya mgodi, mbele ya kuchimba, tunagonga mwamba na chuma, alafu tunanyamaza. Mwenye anataka kusikia kila kitu, hawezi kusikia mwamba ikimwita. Punguza masikio. Kwanza izoee udongo."

Hakuijua mashini ile, hilo nililiona wazi. Lakini alichosema nilikielewa mara moja. Nikazima simu iliyokuwa mfukoni, maana nayo huivuruga. Nikashusha usikivu hadi chini kidogo ya nusu. Nikaiinua na kuishusha sahani yake ya chini, ile inayonusa chuma, mahali pasipo na chuma, huku nikirekebisha kitufe cha kuizoesha udongo, mpaka mngurumo ukatulia. Nikaondoa ile amri ya kukataa misumari. Kisha nikaanza upya, polepole, sahani ikipita karibu sana na ardhi bila kuigusa.

Kimya. Nilikuwa sijasikia kimya namna ile siku nzima. Na ndani yake, pale palipokuwa na tuta la sukuma, ikatoka sauti ndogo, laini, isiyobadilika nilipoirudia kutoka kushoto na kulia. Nikachimba zaidi ya shubiri moja. Pete ikang'aa kwenye tope.

Nilikaa chini nikalia kweli. Mzee alinisubiri nimalize.

"Sasa na ile yangu," akasema. "Iko hapa kwa mulango. Nilitoka nayo, sikurudisha. Pelekea mimi kwa ubao."

Nikapitisha mashini mbele ya miguu yake. Ikalia. Nikachimba, nikatoa kibati cha shaba cha duara, kina tundu juu, namba imeliwa nusu na kutu ya kijani. Nikainua mkono nimpe. Kizingiti kilikuwa kitupu. Kwenye matope kulikuwa na nyayo zangu tu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba spika zilikuwa bado zimeniziba masikio; sauti ya mzee niliisikia wapi, sijui.

Jinsi nilivyofika barabarani siikumbuki.

Nyumbani nilimvisha Mama pete, ikazunguka kwenye kidole kilichokonda, akaishika kwa mkono mwingine isitoke. Nikamwonyesha kibati, nikamweleza juu ya mzee na koti lake lenye kiraka. Akaniuliza koti lilikuwa na kiraka bega gani. Nikasema la kushoto.

"Nilikishona mimi," akasema. "Huyo ni Mzee Barasa."

Akanieleza. Kila mchimbaji alipoingia alichukua kibati chake ubaoni, akitoka anakirudisha kwenye msumari wake, ndipo anahesabiwa ametoka. Barasa, siku yake ya mwisho kazini, kifua kilimbana, wenzake wakambeba moja kwa moja hadi nyumbani. Alifariki kabla ya jua kuchomoza, mimi nikiwa praimari ya pili. Walimsafirisha Kenya kuzikwa. Kibati hakuna aliyekikumbuka.

"Kwa hesabu ya mgodi," Mama akasema, "bado yuko ndani."

Kesho yake nilirudi. Ubao haupo tena, umebaki ukuta wa kibanda cha zamani karibu na lango la mgodi, wenye misumari michache. Nikamweleza afande wa zamu ninachotaka, nikitegemea atanifukuza. Akauliza namba ni ya nani.

"Ya mtu anayetoka zamu," nikamwambia.

Akavua kofia, akanifungulia, nikakitundika kibati kwenye msumari.

Mama alizikwa na pete yake. Mimi bado natafuta vitu vya watu, lakini kambini siendi tena na mashini. Naenda mikono mitupu, naketi kidogo, narudi. Na usiku mwingine, nikiwa nataka kulala, husikia kikohozi kile. Si cha kutisha. Ni cha mtu anayetembea kwenda kwao.

Wewe unayepanda huko siku hizi na ditekta yako ukitafuta vyuma chakavu, nakuomba: kwanza waulize wazee ni nani aliyeishi hapo, na kitu gani alishindwa kukirudisha. Usichimbe mlangoni kwa mtu usiyemjua jina.