Beti Sita za Kupasha Bokali

Kule Bukavu, kabla vita havijamtoa mbio, Annuarite aliuza pilipili ya kusaga, na mtaa mzima ulimjua. Hapa Dzaleka, kambini kwa wakimbizi, alijulikana kwa kadi yake ya mgao tu, jambo lililomuuma kuliko baridi ya Juni. Kwa hiyo Cécile, mwenye duka mjini, mtaa wa Area 47, na mtu wa Bukavu pia, alipomwagiza bokali kumi na mbili za pilipili kwa Jumamosi, nusura acheze palepale. Zikitimia, rafu ingekuwa yake kila wiki. Zikipungua, ingekwenda kwa mwingine.

Bokali tupu, chupa zile za mdomo mpana, alizinunua katika soko la Tsoka. Kila moja aliiinua juani na kuipitishia kidole mdomoni. Yenye ufa au pengo aliirudisha, muuzaji anune asinune. Nyumbani alizichemsha nne nne, maana sufuria haikumeza zaidi. Saa hakuwa nayo. Alipima kwa wimbo wa kanisani kwao, beti sita, polepole kama wanavyoimba Wakatoliki wa Bukavu. Wimbo ukiisha, kioo kimepata moto wa kutosha kupokea pilipili inayotokota bila kupasuka.

Nne za kwanza zilijaa salama. Mara akaitwa kwenye mgao wa unga, akamwachia kazi Elodie, jirani yake aliyetoka Fizi.

"Uimbe beti zote sita," alimsisitiza.

Elodie aliimba zote, hakudanganya hata moja. Lakini kwaya ya kwao Fizi ina ngoma, na wimbo uleule wao huukimbiza kama wamechelewa mahali. Bokali zikatoka vuguvugu. Annuarite aliporudi na unga kichwani, alimkuta akijaza ya kwanza juu ya sufuria ya pilipili, asipoteze hata tone la mafuta. Tak! Kitako cha bokali kikaangukia ndani ya pilipili.

Waliopoa vipande, wakaviunganisha juu ya kitambaa. Kimoja kilikosekana, kidogo kama ukucha.

"Tuichuje tu, Mama," Elodie alisema, machozi yakimlengalenga.

"Vumbi ya kioo haichujwake. Tumwange."

Walichimba shimo, wakaimwaga yote. Annuarite aliumia sana, kwani pilipili nyingine hakuwa nayo.

Jumamosi Cécile alishika kiuno. "Nilikuambia kumi na mbili, we unaniletea ine?"

Annuarite akamweleza yote, hata mambo ya ngoma. Cécile alicheka mpaka akaegemea kaunta, kisha akakaza uso.

"Nani alikuona unamwanga? Ungeleta zote, mi singejua."

"Batoto bako njo bangejua."

Nyuma ya kaunta binti wa Cécile alikuwa ameshafungua bokali moja, anachovya mkate. Cécile alimtazama akitafuna. Kisha akasogeza biskuti zote pembeni, akapanga rafuni zile tatu zilizobaki na kuacha nafasi pana kando yake.

"Jumamosi ijayo ujaze hapa," alisema. "Na ule Elodie wako, aimbe mara mbili."